Hesabu ya Kiwanja

Neno hesabu lina maana mbili katika Kiswahili. Ya kwanza ni elimu ya namba, ambayo mtoto hupelekwa shule kuipata. Ya pili ni maelezo anayodaiwa mtu aliyekabidhiwa mali ya wenziwe. Mwanafunzi hutahiniwa katika ile ya kwanza. Msimamizi wa mirathi huulizwa ile ya pili. Ni nadra mtu kudaiwa zote mbili kwa swali moja, tena mbele ya watu wengi. Jambo hilo lilimfika kijana mmoja wa Buzuruga, na yaliyofuata yanastahili kufikiriwa na kila msomi aliyesomeshwa kwa jasho la wengine.

Buzuruga ni kata ya wilaya ya Ilemela, katika jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Ziwa haliko mbali, walakini wanaoamka hapo alfajiri si wavuvi tu: wamo wachuuzi, mafundi, makondakta na walimu. Baba wa kijana huyu alikuwa seremala. Yeye na mdogo wake walikuwa wamenunua kiwanja kwa pamoja, wakitumaini kukijenga siku moja. Kijana alipofika mwaka wa pili wa chuo kikuu, ada ikawashinda, nao wakakiuza. Hawakufanya kikao kirefu. Mkubwa alisema, mdogo akakubali, na fedha zikapelekwa Dar es Salaam.

Mara moja tu, kijana alipokuja likizo, baba yake alimwuliza, "Unasoma nini hasa huko?" Kijana akajibu, "Hesabu, baba." Mzee akasema, "Vema," akaendelea kupiga randa. Swali halikurudi tena. Majirani waliambiwa kwamba mtoto anasoma hesabu kubwa, na kwa miaka mingi maneno hayo mawili yalitosha. Kijana akapata shahada ya kwanza, akapata na ya uzamili, na kabla hajarudi nyumbani kukaa, baba yake akafariki.

Siku ya kumaliza matanga, wazee walipokuwa wakitengeneza mambo ya marehemu, baba mdogo alimgeukia kijana akasema, "Mwanangu, kile kiwanja kilinunua nini?" Hakuuliza kwa ukali. Kijana alijibu kwamba amesomea hesabu za juu, ziitwazo aljebra, na kwamba ni vigumu kuzieleza kwa Kiswahili. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Baba mdogo hakutikisa kichwa.

Yapasa kusema baba mdogo huyo alikuwa nani. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Aliingia kazini baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka watoto wote wa Tanzania wawe shuleni ifikapo 1977, akafundisha hisabati kwa Kiswahili mpaka nywele zikawa nyeupe. Aliwakuta wazee waliocheka waliposikia kwamba namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe inaitwa namba tasa, na walioona kwamba kigawo kikubwa cha shirika ni jina refu mno kwa mtoto wa darasa la tano. Walakini watoto hawakucheka. Kwao maneno hayo hayakuwa mapya kuliko maneno mengine yote wanayojifunza watoto. Baada ya miaka michache yalikuwa maneno ya nyumbani, na waliocheka wakawa wanawasaidia wajukuu wao kutafuta KKS jioni.

Kwa hiyo wageni walipokwisha kutawanyika alimwambia kijana, "Mtu akisema kitu hakisemeki kwa Kiswahili, ama hajakielewa, ama hajaulizwa. Wewe shahada unayo, basi nadhani hujaulizwa. Kesho jioni nitakuuliza."

Jioni ya pili waliketi uani, juu ya benchi aliloliunda marehemu. Kijana alianza kwa woga. Alisema kwamba katika elimu hiyo kuna kitu kiitwacho ringi, nacho ni mkusanyiko wa vitu vinavyoweza kujumlishwa, kutolewa na kuzidishwa, na jibu likabaki humohumo. Namba nzima, zile za kuhesabia pamoja na sifuri na za chini ya sifuri, ndizo mfano wake wa kwanza. Kisha kuna moduli: huo ni mkusanyiko ambao vitu vyake hujumlishwa vyenyewe kwa vyenyewe, walakini kuzidishwa huzidishwa na vitu vya ringi.

Mwalimu alifikiri kidogo, akasema, "Kama magunia ya mpunga. Gunia kwa gunia hujumlisha, lakini hakuna mtu azidishaye gunia kwa gunia. Gunia huzidishwa kwa tatu, na tatu si gunia. Ringi ni zile namba. Moduli ni yale magunia."

Kijana alinyamaza. Alikuwa ameisoma fasili ya moduli kwa lugha ya kigeni, akaiandika katika mitihani, akasifiwa, na hakuwahi kuyaona magunia yaliyokuwa ndani yake. Tangu hapo woga ulimpungua.

Akaendelea na kiini cha somo lake, yaani moduli zinazoitwa injektivu. Neno lenyewe lilimkwaza mwalimu, akataka aelezwe tendo kabla ya jina. Kijana akamweleza kwa mfano wa mwenyeji na wageni. Sehemu ya familia imefika kwa mwenyeji, naye amewapa nafasi kwa utaratibu ambao haukuvunja udugu wao: aliye jumla ya wawili ameketi mahali palipo jumla ya nafasi zao. Baadaye familia nzima inabisha hodi. Je, wote waweza kupewa nafasi bila kumwondoa hata mmoja wa waliokwisha kuketi? Mwenyeji anayeweza jambo hilo daima, kwa familia yoyote na kwa sehemu yake yoyote, ndiye moduli injektivu.

"Na asiyeweza ni yupi?"

"Namba nzima zenyewe, baba. Tuseme wamefika wale wanaogawanyika kwa mbili tu. Mbili ameketishwa kwenye moja, nne kwenye mbili, sita kwenye tatu. Hakuna kosa. Sasa moja mwenyewe anafika. Ataketi wapi? Moja na moja ni mbili, na mbili amekwisha kuketi kwenye moja. Basi moja anataka nafasi ya nusu. Katika namba nzima hakuna nusu."

"Na penye sehemu?"

"Penye sehemu zote, nusu, theluthi, robo na kuendelea, nafasi ipo daima. Moduli ya sehemu ni injektivu."

Mwalimu akasema kwamba huyo basi ni mkarimu, na kwa jioni zote zilizobaki hakutumia jina lingine. Kila alipotaka kusema moduli injektivu alisema moduli karimu, na kijana mwenyewe akajikuta akilitumia neno hilo bila kujizuia.

Msomaji ataona kwamba mpaka hapa hakuna jambo lililopita uwezo wa mtu aliyesoma shule ya msingi akaiva. Lililofuata ndilo ambalo kijana alikuwa amelitolea miaka yake, na ndilo ambalo kwa hakika kiwanja kilinunua. Wakarimu wawili wakiunganisha nyumba zao, uwanja wao ni mkarimu: kila nyumba hukamilisha fungu lake, basi. Watatu vivyo hivyo, na mia vivyo hivyo. Walakini tuseme wakarimu hawana idadi, na uwanja wao una sharti moja, kwamba kila mgeni awe na nafasi katika nyumba zenye idadi tu, nyumba nyingine zote asiziguse. Uwanja wa namba hiyo waitwa jumla ya moja kwa moja. Swali ni hili: je, uwanja huo nao ni mkarimu?

"Kila mmoja ni mkarimu," alisema mwalimu. "Kwa nini wote pamoja wasiwe?"

Kijana alijibu kwamba swali hilo liliwasumbua wataalamu pia, na jibu lake halimo katika tabia ya wenyeji. Limo katika ringi, yaani katika zile namba ambazo wenyeji wote huzidishwa nazo.

Hapo alimrudisha mwalimu kwenye darasa lake mwenyewe. Alimwomba achukue 12 na 18, ajumlishe na kutoa apendavyo, mara nyingi apendavyo, aone atapata nini. Mwalimu hakuhitaji karatasi: 18 ukitoa 12 ni 6, na kila kitakachopatikana ni kigawe cha 6, ambayo ndiyo KKS. Mkusanyiko wa namna hiyo, unaofungika kwa kujumlisha na kutoa, na usiotoka nje hata ukizidishwa na kitu chochote cha ringi, huitwa ideali. Vigawe vya 24 vimo ndani ya vigawe vya 12. Hivyo vimo ndani ya vigawe vya 6. Hivyo vimo ndani ya vigawe vya 3. Na hivyo vimo ndani ya namba zote. Hiyo ni ngazi. Kila hatua ideali inakua na namba inayoizaa inapungua, tena kwa kugawanyika. Na kwa kuwa namba haina vigawo visivyo na mwisho, ngazi haina budi kusimama.

Aliyeona kwamba kusimama kwa ngazi ni jambo zito kuliko namba zenyewe ni Emmy Noether, mwanamke wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1882. Alifundisha Göttingen kwa miaka bila mshahara, na masomo yake yakatangazwa kwa jina la David Hilbert kwa sababu alikuwa mwanamke. Mwaka 1921 alichapa makala iliyochukua sharti hilo moja, kwamba kila ngazi ya ideali isimame, akaonyesha ni mangapi hufuata kutoka kwalo hata pale ambapo namba za kawaida hazipo. Mwaka 1933 alifukuzwa kazi na utawala wa Wanazi kwa kuwa Myahudi. Akaenda kufundisha Bryn Mawr, Marekani, akafariki mwaka 1935. Ringi ambazo ngazi zake husimama huitwa kwa jina lake mpaka leo.

Mwalimu akauliza kama zipo ringi ambazo ngazi zake hazisimami. Giza lilikuwa limeingia, na taa zilikuwa zikiwaka katika nyumba za vilimani. Kijana akamwonyesha. Alimtaka afikiri safu ya nyumba isiyo na mwisho, kila moja ina taa moja, nayo ama inawaka ama imezimwa. Kila mpangilio wa taa, zipi zinawaka na zipi hazikuwaka, ni kitu kimoja cha ringi. Kuzidisha mipangilio miwili ni kuacha ziwake zile tu zinazowaka katika yote miwili. Kujumlisha ni kuwasha zile zinazowaka katika mmoja wao tu. Mpangilio ambao taa zote zinawaka ndio moja wa ringi hiyo, kwa kuwa kitu chochote kikizidishwa naye hubaki kama kilivyo.

Sasa ngazi: mipangilio ambayo nyumba ya kwanza tu ndiyo iwezayo kuwaka, kisha ya kwanza na ya pili, kisha tatu za kwanza, na kuendelea. Kila hatua ni ideali iliyo kubwa kuliko iliyotangulia, na hakuna hatua ya mwisho.

"Na wenyeji?"

Wenyeji ni zile nyumba, mojamoja. Reinhold Baer alionyesha mwaka 1940 kwamba si lazima kumpima mwenyeji kwa familia zote za ulimwengu. Yatosha kumpima kwa ideali za ringi yenyewe. Kwa kipimo hicho kila nyumba moja ya safu hiyo ni karimu, maana ideali yoyote ama inaifikia taa yake ama haiifikii, na kwa vyovyote hakuna kinachomzuia kukamilisha alichoanza. Basi unganisha nyumba zote katika jumla ya moja kwa moja. Uwanja huo ni mipangilio yote ambayo taa zinazowaka zina idadi. Waache wageni wawe mipangilio hiyohiyo, kila mmoja akiketi kwenye nafasi yake mwenyewe. Wote wamepata nafasi. Hakuna aliyevunja sharti. Kisha anabisha hodi moja, yule ambaye taa zake zote zinawaka.

Kijana alisita hapo, akamwacha mzee atafute. Mwalimu alikaa kimya kwa muda, akiitazama miamba na taa zilizo juu yake. Kisha akasema polepole, "Yeye ukimzidisha na taa ya kwanza peke yake, unapata taa ya kwanza. Ukimzidisha na ya kumi, unapata ya kumi. Hao wote wamekwisha kuketi kwao. Kwa hiyo mahali atakapoketi yeye lazima taa ya kwanza iwake, na ya kumi iwake, na ya mia iwake."

"Naam, baba."

"Na uwanja wenu unataka zenye idadi tu."

"Naam."

"Basi hana pa kuketi. Kila mwenyeji ni mkarimu, na uwanja wao si mkarimu."

Ndivyo ulivyo uthibitisho, wala hakuna kilichopunguzwa. Kwa ringi yoyote yenye ngazi isiyosimama hoja ni ileile: kwa kila hatua ya ngazi hutafutwa mwenyeji karimu wake, wageni hupangwa humo hatua kwa hatua, na moja akifika hana nafasi, kwa kuwa nafasi ya mtu mmoja ina nyumba zenye idadi, na ngazi imekwisha kuzigusa nyumba zisizo na idadi. Upande wa pili ni mwepesi zaidi. Ngazi zote zikisimama, kila ideali huzaliwa na vitu vyenye idadi. Wageni wenye idadi hugusa nyumba zenye idadi, na nyumba zenye idadi tumekwisha kuona kwamba daima ni karimu. Kwa hiyo jumla za moja kwa moja za moduli injektivu ni injektivu katika ringi za Noether, na katika hizo tu. Zoltan Papp aliandika hayo mwaka 1959, na Hyman Bass akayafikia karibu na wakati huohuo. Jambo hilo hutajwa kwa majina yao mawili. Mwaka mmoja kabla, 1958, Eben Matlis alikuwa ameonyesha kwamba katika ringi hizo kila mkarimu ni jumla ya wakarimu wasiogawanyika tena, kama namba inavyojengwa na namba tasa.

Usiku huo mwalimu alichelewa kulala. Siku iliyofuata alimkuta kijana akiranda ubao, akamwambia kwamba ana swali moja ambalo halikumwacha. Je, hakuna wenyeji ambao si wakarimu kamili, walakini wana ukarimu wa namna yake? Kijana alishangaa, maana hilo ndilo lililokuwa somo lake la uzamili. Wapo wengi. Yupo, kwa mfano, yule ambaye hutimiza kwa watu wa nyumba yake tu: sehemu ya nyumba yake ikipewa nafasi ndani yake, nyumba nzima hupata nafasi, watu wa nje hakuwaahidi kitu. R. E. Johnson na E. T. Wong walimchunguza huyo mwaka 1961, naye huitwa kwasi-injektivu.

Kwa hao shida haingoji kukosa idadi. Yaanza kwa wawili. Kijana alichora saa mbili kwa chaki juu ya ubao. Ya kwanza ina alama mbili, sifuri na moja, na ndani yake moja na moja ni sifuri. Ya pili ina alama nne, sifuri, moja, mbili na tatu, na ndani yake mbili na mbili ni sifuri. Kila saa peke yake hutimiza mambo ya nyumbani mwake. Sasa ziunganishe. Katika saa ya nne kuna kijumba kidogo, sifuri na mbili, ambacho tabia yake ni ileile ya saa ya mbili. Kipe nafasi huko: mbili aketi kwenye moja wa saa ndogo. Kisha waite waliobaki. Moja wa saa kubwa ataketi wapi? Popote atakapoketi, mbili ni yeye mara mbili, na katika saa ndogo chochote mara mbili ni sifuri. Walakini mbili amekwisha kuketi kwenye moja. Hapana nafasi.

"Kila mmoja alikuwa mwema nyumbani mwake," alisema mwalimu, "na wawili tu wamewashinda."

Kijana akamweleza kwamba hapo ndipo elimu yake inapofika mbali. Beno Eckmann na A. Schopf walionyesha mwaka 1953 kwamba kila moduli ina mkarimu mdogo kabisa anayeizunguka. Tuseme katika ringi fulani wenyeji wa nyumbani wawili wowote wakiunganika hubaki wenyeji wa nyumbani. Basi mweke mmoja wao pamoja na mkarimu wake anayemzunguka, na utakuta kwamba hawezi kuwa mdogo kuliko huyo mkarimu: tangu mwanzo alikuwa mkarimu kamili. Kwa hiyo swali dogo kuhusu wenyeji wawili limefichua tabia ya ringi nzima. Ndivyo kazi ya fani hiyo ilivyo. Mtu hawezi kuingia ndani ya ringi na kuikagua yote. Huangalia zile moduli zinazosimama juu yake zikikusanyika, ni mema gani yanabaki na mema gani yanapotea, na kwa hayo huijua ringi. Barbara Osofsky alionyesha mwaka 1964 kwamba kama hata moduli zinazozaliwa na kitu kimoja zote ni karimu, basi ringi hiyo ni ya aina iliyo nyepesi kuliko zote, ambayo kila moduli yake hugawanyika katika vipande visivyogawanyika.

Mwalimu alifuta chaki kwa kiganja. Akasema, "Kaka angelipenda hii. Alijua kwamba meza ikitetemeka si lazima mguu uwe mbovu. Aghalabu ni sakafu."

Neno hilo lilimchoma kijana kuliko lawama yoyote. Alikumbuka lile swali alilolijibu kwa neno moja, na randa iliyoendelea. Alikuwa amejiambia kwa miaka kwamba baba yake asingeelewa. Sasa alikuwa ameketi na mdogo wa baba yake, mtu asiyepita chuo cha ualimu, naye alikuwa ameukamilisha uthibitisho kwa kinywa chake. Kilichokosekana siku ile katika karakana hakikuwa lugha, wala hakikuwa akili ya mzee. Kilikosekana nusu saa, na heshima ya kumdhania mtu kwamba anaweza.

Jioni alikwenda kwa mama yake, aliyekuwa akichambua dagaa, akaketi chini karibu naye. Alimwambia kwamba anataka kumweleza kiwanja kilinunua nini. Mama hakuacha kazi yake, walakini mikono ilienda taratibu. Kijana alieleza habari ya mwenyeji na wageni, akaeleza habari ya taa. Alipofika kwa yule mgeni ambaye taa zake zote zinawaka, mama aliuliza, "Kwa hiyo kosa si la wenyeji?"

"Si la wenyeji, mama. Ni la mahali ambapo kupanda hakuna mwisho."

Mama akanyamaza. Kisha akasema, "Ungemwambia baba yako."

Hakuna uthibitisho unaojibu neno hilo, na kijana hakujaribu kulijibu. Alisaidia kuchambua dagaa mpaka kazi ikaisha.

Wasomi wa Afrika ya Mashariki wamekwisha kufanya mengi kuileta aljebra karibu. Mwaka 2002 vyuo vikuu vya eneo hili vilianzisha mpango wa pamoja wa hisabati, kwa msaada wa Sweden, na vijana wa Dar es Salaam, Nairobi na Makerere wamefundishwa pamoja. Hilo ni jambo la fahari. Walakini anayerudi kutoka huko hurudi kwa watu, na watu hao wanadai hesabu yao. Hawadai faida ya haraka. Mtu aliyeuza kiwanja kwa ajili ya mtoto amekwisha kuonyesha kwamba hana haraka. Wanadai kuambiwa. Yamkini neno la kwanza litakalopatikana halitakuwa zuri, na kamati za istilahi zitalikataa. Namba tasa nayo ilichekwa.

Yule kijana aliandika mambo yote ya jioni zile katika daftari la mistari, kwa Kiswahili, kuanzia magunia mpaka saa mbili. Injektivu aliiandika mara moja tu, na baada ya hapo akaandika karimu. Alipomaliza alilipeleka kwa baba mdogo. Mwalimu alilisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, akasahihisha tahajia mahali pawili. Mwishoni aliandika tarehe, akaweka alama ya vema, na chini yake akaandika: Hesabu imepokelewa.